Bustani ya Miti ya Chuo Kikuu na Elimu ya Afya: Somo kwa Babati na Vijiji Vyake

Utangulizi

Mgonjwa anapofikishwa zahanati akitapika na kuchanganyikiwa, na ndugu zake wakaeleza kuwa alikunywa maji ya majani yaliyochemshwa, tabibu hana budi kuuliza: ni majani ya mti gani? Mara nyingi jibu huwa ni jina la kienyeji ambalo tabibu hajalisikia, au maelezo kama "ule mti wa matunda ya njano ulio karibu na kisima". Tabibu aliyesoma miaka mitatu au mitano anaweza kuzijua dawa za viwandani kwa majina na vipimo vyake, lakini asiweze kuutambua mti unaomwangalia kila siku kupitia dirisha la wodi. Pengo hilo huweza kugharimu maisha.

Makala hii inajadili bustani ya miti ya chuo kikuu, ambayo wataalamu huiita aboretamu, kama chombo cha kuziba pengo hilo. Inaeleza jinsi bustani ya aina hiyo inavyohudumia elimu, uhifadhi na jamii inayoizunguka. Mifano yake imetolewa Tanzania, na mazingira ya mfano ni mji wa Babati, mkoani Manyara. Hoja yake kuu ni kwamba huduma ya kwanza ya bustani ya miti ni kuupa kila mti jina la uhakika, na kwamba jina hilo huleta faida pale tu jamii inapokuwa mshiriki wa bustani, si mtazamaji wake.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala hii, msomaji anatarajiwa:

1. kueleza tofauti kati ya bustani ya miti, msitu wa asili na bustani ya kupumzikia;
2. kueleza kwa nini utambuzi sahihi wa mmea ni suala la usalama wa mgonjwa;
3. kufafanua nafasi ya bustani ya miti katika kuhifadhi spishi zilizo hatarini, pamoja na mipaka yake;
4. kupendekeza namna vyuo vya afya na vijiji vya Babati vinavyoweza kushirikiana katika kazi hiyo.

Dhana ya bustani ya miti

Bustani ya miti ni mkusanyiko wa miti hai iliyopandwa kwa mpango na kuwekewa kumbukumbu kwa ajili ya masomo. Msitu wa asili hujiotea wenyewe, na miti yake haina vibao vya majina. Bustani ya kupumzikia hupandwa kwa ajili ya kivuli na mandhari. Katika bustani ya miti, kila mti una namba yake, na kwenye daftari la kumbukumbu kumeandikwa jina lake la kisayansi, mahali mbegu yake ilipotoka, tarehe ya kupandwa, na mabadiliko yaliyoonekana mwaka hadi mwaka. Kumbukumbu ndiyo roho ya bustani. Miti mia moja isiyo na kumbukumbu ni kichaka kizuri tu, lakini miti ishirini yenye kumbukumbu kamili ni maktaba.

Uhusiano wa bustani za namna hii na elimu ya tiba ni wa karne nyingi. Mwaka 1545 Chuo Kikuu cha Padua, nchini Italia, kilianzishiwa bustani ya mimea ili wanafunzi wa udaktari waweze kuiona kwa macho mimea waliyokuwa wakiisoma vitabuni. Wakati huo karibu dawa zote zilitokana na mimea, na kosa katika kuitambua, ama kwa kutojua ama kwa hila ya muuzaji, lilikuwa jambo la kawaida. Mimea ya Padua ilikuwa na thamani kiasi cha kuvutia wezi, ikabidi bustani izungushiwe ukuta. Bustani hiyo ingali hai hadi leo, na mwaka 1997 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kwa hiyo bustani ya mimea haikuanza kama pambo la chuo. Ilizaliwa na hitaji la daktari la kuwa na hakika ya kile anachompa mgonjwa.

Jina la mti na uhai wa mgonjwa

Mfano unaofahamika karibu kila mahali Tanzania ni mwarobaini, yaani Azadirachta indica. Mti huu ulitoka Bara Hindi, ukapewa jina linalotokana na imani kwamba unatibu maradhi arobaini. Majani yake huchemshwa, magome yake hulowekwa, na vijiti vyake hutumiwa kama mswaki. Hata hivyo, upo mti mwingine wa ukoo huohuo, Melia azedarach, unaopandwa kwa ajili ya kivuli na kuni. Kwa mtu asiyefundishwa, miti hii miwili hufanana sana. Tofauti yake ni kubwa mwilini: matunda ya Melia azedarach yana sumu inayoweza kusababisha kutapika, kuharisha, udhaifu, na hata degedege. Watoto ndio walio hatarini zaidi, kwa kuwa matunda hayo ni ya njano, ni mengi, na hubaki mtini muda mrefu hata baada ya majani kupukutika.

Tofauti za miti hii hazihitaji maabara. Jani la mwarobaini limegawanyika mara moja: vijani vyenye kingo za msumeno vimepangwa kushoto na kulia kwa kikonyo kimoja kikuu. Jani la Melia azedarach limegawanyika mara mbili au hata tatu, kwa maana kwamba kikonyo kikuu hutoa vikonyo vidogo, navyo ndivyo vinavyobeba vijani. Maua ya mwarobaini ni meupe. Ya mwenzake yana rangi ya zambarau iliyofifia. Tunda la mwarobaini ni refu kidogo na kwa kawaida lina mbegu moja, ilhali la Melia ni la mviringo na kokwa lake gumu lina mbegu kadhaa. Mwanafunzi aliyesimama mbele ya miti hii miwili iliyopandwa bega kwa bega hujifunza kwa robo saa jambo ambalo picha za kitabuni humfundisha kwa shida. Atakayeyashika majani yote mawili kwa mikono yake hatayasahau.

Ieleweke pia kwamba kuutambua mti ipasavyo hakumaanishi kuwa mti huo ni salama. Mwarobaini wenyewe una hatari zake: mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga waliponyweshwa. Jina sahihi ni mlango wa kuyafikia yanayojulikana kuhusu mmea, mema na mabaya. Bila jina hilo, utafiti wote uliofanywa duniani kuhusu mmea huo haumsaidii tabibu wala mgonjwa.

Katika Babati suala la majina lina uzito wa pekee. Ni mji wenye Wagorowa, Wairaqw, Wambugwe, Warangi na Wadatoga, mbali na wageni kutoka mikoa mingine. Lugha hizo zinatoka katika jamii tatu tofauti: Kikushi, Kibantu na Kiniloti. Katika soko moja, mti mmoja unaweza kuitwa kwa majina manne au matano, na jina moja linaweza kutumiwa na watu wawili kwa miti miwili tofauti. Jina la kisayansi halikuja kuyafuta majina hayo. Kazi yake ni kuwa kama msumari ukutani, ambapo majina yote ya kienyeji hutundikwa pamoja bila kuchanganyika.

Msumari huo hukazwa na sampuli rejea, yaani tawi lililokaushwa na kuhifadhiwa katika hebaria, ambayo ni maktaba ya mimea mikavu. Hebaria ya Taifa ya Tanzania iko Ngaramtoni, nje kidogo ya jiji la Arusha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina hebaria yake. Kwa mtu wa Babati, Arusha ni safari ya kwenda na kurudi siku moja. Kwa hiyo ushahidi wa jina la mti hauko mbali. Kinachotakiwa ni mazoea ya kuutafuta.

Bustani kama darasa: funzo la Amani na Mazumbai

Tanzania si ngeni katika jambo hili. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilianzisha taasisi ya utafiti huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, na kuzunguka taasisi hiyo ikapanda bustani kubwa ya miti iliyoletwa kutoka pande nyingi za dunia. Lengo lilikuwa kujua ni mimea gani ingestawi na kuleta faida. Mmojawapo ulikuwa mkwinini, mti wa asili ya Amerika ya Kusini ambao magome yake hutoa kwinini, dawa ya malaria. Vita Kuu ya Kwanza vilipozuka na njia za bahari kufungwa, watu wa Amani walitengeneza kwinini kutokana na magome ya miti yao wenyewe. Mkusanyiko uliopandwa kwa ajili ya majaribio ukageuka, kwa ghafla, kuwa bohari ya dawa.

Historia ya Amani haikuishia hapo. Baada ya utafiti wa kilimo kuhamishiwa Muguga, Kenya, Amani ikawa makao ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1950, na baadaye ikawa mojawapo ya vituo vya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Miti na tiba vimeishi pamoja mlimani hapo kwa zaidi ya karne moja.

Mfano wa pili unahusu chuo kikuu moja kwa moja. Huko Mazumbai, Usambara Magharibi, familia ya Tanner iliyokuwa na shamba la chai iliulinda msitu wa asili wa hekta zipatazo 320, kisha mwaka 1968 msitu huo ukakabidhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilipoanzishwa mwaka 1984, kikaurithi. Mazumbai si bustani iliyopandwa kwa safu, bali ni msitu halisi ambao wanafunzi huujia kujifunza kupima miti, kutambua spishi na kufuatilia mabadiliko ya muda mrefu. Kwa pamoja, Amani na Mazumbai zinaonyesha njia mbili ambazo chuo kinaweza kuzifuata: kupanda mkusanyiko mpya, au kutunza msitu uliopo na kuugeuza darasa.

Kwa upande wa vyuo vya afya, Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa asilia mwaka 1974, nacho kikapandishwa hadhi kuwa taasisi mwaka 1991. Kuwepo kwa taasisi hiyo ni ushahidi kwamba nchi ilitambua mapema kuwa dawa za miti ni sehemu ya afya ya wananchi na zinastahili kuchunguzwa kwa umakini uleule unaotolewa kwa dawa nyingine. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ikaunda Baraza la kusimamia na kusajili watoa huduma hao. Kwa hiyo muuguzi au tabibu anayemuuliza mgonjwa kuhusu miti shamba hatoki nje ya taaluma yake. Anatimiza wajibu wake, mradi aulize bila kukemea, kwa sababu mgonjwa aliyeaibishwa huficha.

Katika bustani ya miti mwanafunzi wa afya anaweza kufanya kazi zisizowezekana ukumbini. Mwanafunzi wa famasia hufuatilia mti mmoja mwaka mzima na kujionea kuwa majani ya kiangazi na ya masika hayalingani, jambo linaloeleza kwa nini "kikombe kimoja" cha dawa ya majani si kipimo thabiti. Mwanafunzi wa uuguzi huyatambua mazao yenye sumu ambayo watoto huyachezea: mbegu za mbarika, matunda ya mnanaha, punje nyekundu zenye doa jeusi za mturituri. Mwanafunzi wa afya ya jamii hujifunza kuandika mazungumzo na wazee kwa utaratibu, pamoja na ridhaa yao.

Bustani kama hifadhi, na mipaka yake

Baadhi ya miti ya dawa hukabiliwa na hatari inayotokana na sifa zake yenyewe. Prunus africana, mti wa misitu ya milimani, magome yake hutumika kutengeneza dawa za uvimbe wa tezi dume, na biashara yake ya kimataifa ilikua hadi ikawekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES tangu mwaka 1995. Shida yake ni ya kibiolojia. Chakula kinachotengenezwa na majani huteremka kwenda mizizini kupitia gome la ndani. Mtu akiubambua mti kuuzunguka wote, mizizi hufa njaa, na mti hukauka ukiwa umesimama. Akichukua kipande cha upande mmoja na kuuacha mti upone, mti huweza kuendelea kuishi. Mvunaji anayejua kanuni hii ndogo huuacha mti wake ukiwa hai kwa msimu ujao.

Zaidi ya hayo, mbegu za Prunus africana hazihifadhiki muda mrefu. Hupoteza uwezo wa kuota baada ya muda mfupi zinapokaa ghalani. Spishi za namna hii haziwezi kutegemea benki ya mbegu pekee. Hazina budi kutunzwa zikiwa miti hai, na hapo ndipo bustani inapokuwa na kazi isiyo na mbadala.

Mfano mwingine wa Tanzania ni Karomia gigas. Mti huu ulidhaniwa kuwa umetoweka baada ya ule uliojulikana nchini Kenya kukatwa. Baadaye ulipatikana katika misitu ya pwani ya kusini mwa Tanzania, na mnamo mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliukuta tena. Miti iliyobaki ni michache mno, na baadhi ya mbegu zake zilipelekwa hadi bustani ya mimea ya Missouri, Marekani, ambako zilioteshwa. Spishi iliyokuwa imebaki kwenye matawi makavu ya hebaria ikapata miche mipya.

Hata hivyo, bustani ya miti inaweza pia kuleta madhara, na somo lisingekamilika bila kulitaja hilo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilipandwa Amani miti ya Maesopsis eminii, ambayo hukua haraka na asili yake si Usambara. Ndege, hasa hondohondo, walikula matunda yake na kuzisambaza mbegu. Miongo kadhaa baadaye mti huo ulikuwa umeenea ndani ya msitu wa asili na kuwa tishio kwa mimea ya pale. Funzo lake liko wazi: bustani ianze na miti ya mahali pake, na mti mgeni ukaguliwe kabla ya kukaribishwa.

Mpaka wa pili ni wa urithi wa mti. Miche mia moja iliyotokana na mti mama mmoja ni familia moja. Ugonjwa ukiingia, huweza kuiangamiza yote. Mbegu zikusanywe kutoka kwenye miti mama mingi iliyo mbalimbali. Lakini hata kwa uangalifu huo, bustani ya hekta chache haiwezi kubeba uanuwai wote wa msitu. Bustani ni akiba. Msitu wenyewe ndio mtaji.

Jamii: funzo la Duru-Haitemba

Katika ulinzi wa mtaji huo, Babati haina haja ya kuazima funzo mahali pengine, kwa maana ndiyo iliyoifundisha nchi. Mji huu, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2002, umekaa kati ya Mlima Kwaraa na Ziwa Babati. Kusini-magharibi mwake uko msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wenye ukubwa wa hekta zipatazo 9,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikusudia kuufanya msitu wa hifadhi wa Serikali. Mipaka ilipoanza kupimwa, wanavijiji waliona kuwa wanapokonywa msitu wao. Uvunaji holela ukazidi, kwa kuwa mtu hakosi kuharakisha kuchuma anachodhani kesho hatakuwa nacho.

Ndipo mwelekeo ulipobadilika. Vijiji vinane vinavyouzunguka msitu huo, yaani Ayasanda, Bubu, Duru, Endagwe, Endanachan, Gidas, Hoshan na Riroda, viliachiwa jukumu la kuusimamia. Kila kijiji kilichukua sehemu yake, kikaunda kamati, kikateua walinzi kutoka miongoni mwa vijana wake, na kikatunga sheria ndogo za matumizi. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 utaratibu huo ulikuwa umekubaliwa rasmi, na uchomaji mkaa na ukataji ovyo ulikuwa umepungua. Uzoefu huo ulichangia kuweka msingi wa usimamizi shirikishi ulioingizwa katika Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Je, hayo yanahusianaje na bustani ya miti ya chuo? Kwanza, yanaonyesha kwamba uzio wenye nguvu kuliko yote ni imani ya jirani kuwa kilichomo ndani ni chake pia. Bustani iliyozungushiwa waya na kufungwa kwa kufuli, ambayo mama wa jirani haruhusiwi hata kupita, itaibiwa magome usiku kama ilivyoibiwa bustani ya Padua. Pili, yanaonyesha kwamba ujuzi haumo chuoni peke yake. Walinzi na wazee wa Duru-Haitemba wanajua ni bonde gani lina mti gani na ni mwezi gani unazaa. Chuo kinacho jina la kisayansi na hebaria. Kijiji kinacho msitu na kumbukumbu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Bustani inayoingia kwa jirani na isimponye chochote si mgeni mwema.

Uponyaji huo una sura nyingi: miche ya bure kwa shule, kivuli kwa wanaosubiri wagonjwa, siku maalumu ambapo waganga wa tiba asili na wauguzi hutembea pamoja na kuelezana. Una pia sura ya haki. Mzee anayetoa ujuzi wake kuhusu mti anastahili kutajwa katika kumbukumbu iwapo anaridhia, na kushirikishwa iwapo ujuzi huo utazaa faida. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 imeliweka wazo hilo katika sheria za kimataifa, ingawa utu uliliweka miongoni mwa watu zamani zaidi.

Mapendekezo kwa Babati

Mkoa wa Manyara una hospitali zenye vyuo vya mafunzo ya afya, zikiwemo Dareda, wilayani Babati, na Haydom, wilayani Mbulu. Chuo kikuu cha tiba kinaweza kushirikiana na taasisi kama hizo kuanzisha bustani ndogo bila kungoja fedha nyingi. Hatua zifuatazo zinapendekezwa:

1. Kuanza na miti iliyopo. Miti ya uwanja wa hospitali ihesabiwe, ipewe namba, na itambuliwe kabla ya kupanda mche wowote mpya.

2. Kukusanya sampuli rejea. Tawi lenye majani pamoja na maua au matunda likatwe, lipangwe katikati ya magazeti, libanwe kwa ubao, na magazeti yabadilishwe kila siku hadi likauke. Lebo iandikwe siku hiyohiyo: tarehe, mahali, mwinuko, mkusanyaji, majina ya kienyeji pamoja na lugha zake, na sifa zitakazopotea baada ya kukauka, kama vile rangi ya ua na harufu. Zikusanywe nakala mbili, moja ibaki na nyingine ipelekwe hebaria kuthibitishwa.

3. Kuandika vibao kwa busara. Kibao kionyeshe jina la kisayansi, la Kiswahili na ya lugha za Babati, asili ya mti, na alama ya hatari pale inapohitajika. Kisiandikwe kipimo cha dawa. Kibao si cheti cha daktari, na mpita njia asipewe sababu ya kujitibu.

4. Kupanda kwa jozi. Miti inayochanganywa ipandwe karibu karibu ili tofauti zionekane. Miti yenye matunda ya sumu iwe ndani ya eneo linalosimamiwa, mbali na michezo ya watoto.

5. Kufundisha huduma ya kwanza. Wanakijiji waelezwe kuwa mtu aliyekula mmea unaoshukiwa kuwa na sumu asilazimishwe kutapika. Awahishwe kituo cha afya, na kipande cha mmea huo, hasa chenye jani na tunda, kibebwe pamoja naye.

6. Kuunda kamati ya pamoja. Kwa mfano wa Duru-Haitemba, wajumbe watoke chuoni, hospitalini, serikali ya kijiji au mtaa, shuleni na miongoni mwa waganga wa tiba asili, na wote wawe na sauti katika kanuni za matumizi.

Hitimisho

Bustani ya miti huhudumia elimu kwa kumpa mwanafunzi mti halisi mahali pa picha, uhifadhi kwa kutunza spishi zisizoweza kungoja ghalani, na jamii kwa kuthamini ujuzi wake na kuulinda usalama wake. Kiungo cha huduma hizo tatu ni jina lenye ushahidi: kwa jina hilo tabibu huijua sumu, mtafiti huijua dawa, na mlinzi wa msitu hujua anachokilinda. Amani inafundisha kuwa miti iliyopandwa leo inaweza kuwa dawa ya dharura kesho, na pia kuwa kosa la leo huota mizizi kwa karne nzima. Duru-Haitemba inafundisha kuwa watu hulinda walicho na sauti juu yake. Chuo kitakachoyashika mafunzo yote mawili kitakuwa na bustani isiyohitaji ukuta mrefu.

Maswali ya mjadala

1. Taja miti mitatu ya mtaani kwako yenye jina zaidi ya moja. Utathibitishaje kuwa majina hayo ni ya mti mmoja?
2. Kwa nini mti uliobambuliwa gome kuuzunguka wote hufa hata kama mizizi na majani yake hayajaguswa?
3. Eleza faida moja na hatari moja ya kupanda mti mgeni katika bustani ya chuo.
4. Mgonjwa anaogopa kusema kuwa alitumia miti shamba. Mhudumu wa afya amwulize kwa maneno gani?
5. Jadili ni kanuni ipi ya vijiji vya Duru-Haitemba inayoweza kutumika katika eneo lako, na ni ipi itakayohitaji kubadilishwa.